Mkoba Aliomshonea Adoch

Hapa Kisugu Rosalba Amony ana majina mawili. Wateja wake humwita mama wa mikoba. Wambeya humwita yule aliyetaka kumfungisha mtoto wake uwanja wa ndege. Jina hilo la pili likitajwa mbele yangu, mimi huacha nilichokuja kununua nikaanza ugomvi. Mume wangu, Ogutu, amenikanya mara nyingi. Anasema sisi ni Wajaluo, tumetoka Kenya kutafuta riziki, mambo ya Waacholi tuwaachie wenyewe. Ogutu ni mtu mzuri, ila anapenda usingizi kuliko ukweli. Mimi nilikuwepo siku ile, na nilisikia kila neno. Niliahidi kumnyamazia mtu mmoja tu juu ya jambo hili. Sikuahidi kuinyamazia Kampala nzima.

Amony anashonea nyumbani. Ana chumba na sebule, na cherehani yake ya miguu ameiweka mlangoni kabisa kwa ajili ya mwanga, hivyo mgeni akitaka kuingia lazima mwenyewe asimame, avute kiti, apishe, kisha arudi kukaa. Ndani kuna magunia ya vipande vya vitenge, vya bluu kwao, vya njano kwao. Anashona mikoba ya bega, vipochi vya zipu, vilemba, hata bangili na hereni anazivika kitenge. Vipande vingi alikuwa akivipata kwangu. Mimi nina kibanda cha vitenge kule Old Kampala, chini ya kilima cha msikiti, na wageni wakishuka kutoka kupanda mnara hupita kwangu wakitweta, wakitafuta kitu cha kupelekea wenzao. Nilianza kwa kutundika mikoba yake miwili mbele ya kibanda. Haikulala pale. Tangu hapo tukawa watu wa kufanya kazi pamoja, na kabla sijajua, tukawa ndugu.

Kazi yake ilikuwa na jambo moja ambalo hakumruhusu mtu kuligusa, nalo ni kitako. Mikoba ya wengi huanza kufa pale chini. Unatia viazi na chupa ya mafuta, wiki hiyohiyo kona inafumuka na vitu vyako viko barabarani. Mkoba wake hapana. Aliweka gunia, juu ya gunia suruali ya jinzi iliyochakaa kutoka soko la mitumba la Owino, juu ya hiyo kitenge, halafu akavishona vyote pamoja kwa mkono, ukingo mzima, kwa uzi alioupaka nta. Kitako kilikuwa kinene, hakikunjiki. Nilikuwa nikimtania.

"Mama Adoch, huu ni mkoba au ni godoro?"

"Mama Byron, wewe cheka tu," alinijibu bila kuinua macho. "Mtu akibeba mzigo yake, mimi hapana taka yeye anitukane kwa njia."

Hicho Kiswahili chake ni cha kambini. Aliolewa na sajini mmoja, Kidega, na akaishi naye kambi hii na kambi ile mpaka mumewe alipotumwa vitani nchi ya nje na asirudi akiwa hai. Sanduku lililetwa likiwa limefungwa. Wakubwa walisema lisifunguliwe, na kweli halikufunguliwa, likaenda kaskazini kuzikwa hivyohivyo. Amony hakumwona mumewe. Baadaye walikuja watu wa jeshi kuchukua vifaa vya marehemu, buti, mkanda, sare, kofia, na wakachukua kila kilichokuwa ndani ya nyumba. Shati moja lilikuwa nje kwenye kamba, chini ya shuka, likikauka. Hakulificha. Lilisahauliwa tu, naye akalianua jioni pamoja na nguo nyingine, akalikunja, akaliweka.

Hapa Uganda mtu wa kawaida akikutwa na kitambaa cha jeshi ni kesi, na si kesi ndogo. Mimi mgeni niliambiwa hilo mwezi wangu wa kwanza. Lakini muulize mke yeyote wa askari aliyelelea watoto kambini. Sare ikichakaa ndiyo ilikuwa kitambaa cha kushikia sufuria ya moto, ndiyo nepi, ndiyo kiraka cha godoro. Kwa Amony zile rangi za majani na udongo hazikuwa serikali. Zilikuwa nguo za baba wa nyumba, basi.

Kidega alimwachia mtoto mmoja, Adoch. Msichana mrefu, mwenye akili, mwenye kisirani cha mama yake. Alimaliza shule, akapata karatasi zake za mambo ya hoteli, akazunguka nazo Kampala hadi viatu vikaisha. Mwishowe akaja na habari kwamba kampuni moja imempokea, anakwenda kyeyo, yaani kibarua cha ng'ambo, huko Uarabuni, kazi ya nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Wanawake wa mtaa wetu wanapiga vigelegele wakisikia neno kyeyo. Amony aliposikia alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Mimi hapana taka," alisema. "Baba yako alienda nje, akarudi kwa sanduku. Wewe hapana enda."

Wiki zote zile nyumba ile haikukalika. Adoch alikuwa akija kwangu kulia. Alisema mama yake amemshika tangu utotoni kama mtu aliyeshika yai, na kwamba akibaki Kisugu atazeeka akikata nyuzi za mikoba. Mama yake naye alikuja kwangu kunieleza habari za msichana fulani aliyerudishwa kutoka huko akiwa hawezi kutembea. Mimi nilikuwa katikati yao na sikujua nimuunge mkono nani, maana wote wawili walikuwa na haki. Kanisani Amony aliomba waziwazi, tukisikia, kwamba Mungu aivunje safari ile. Mtaa mzima ulijua anataka mtoto abaki. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililomponza.

Pasipoti ikatoka. Siku ikapangwa. Amony akanyamaza. Akafunga mlango, cherehani akaiingiza ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilibisha hodi nikaambiwa, "Kesho, Mama Byron, leo nashona kitu ya nyumbani." Nilipouona mkoba ule ulikuwa umekwisha. Nimeuza mikoba yake mingi, sijapata kuuza wa namna ile. Alichagua kitenge cha kahawia chenye maua mekundu, akakipanga maua yakutane kwenye mshono usijue kiliunganishwa wapi. Mkanda wake mpana, usiumize bega. Mfuko wa ndani kwa pasipoti, mwingine kwa rozari. Adoch aliupokea kwa mikono miwili akapiga goti, na mama yake akamwinua haraka, akamwambia autunze. Nilifurahi mno jioni ile. Nilidhani vita vimekwisha.

Ndege ilikuwa ya alasiri, lakini mama mmoja wa ile kampuni, msimamizi wao, alitaka wasichana wote wawe Entebbe asubuhi, wamevaa fulana za bluu za kufanana. Tulikodi gari pamoja na familia nyingine mbili za Kisugu tukawasindikiza. Pale nje kila ukoo ulikuwa umeketi na mtu wake, chapati na soda, picha za simu, machozi. Adoch alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Akanikumbatia na mimi. Kisha wakapanga foleni wakaingia, na mkoba ule wa maua niliuona begani kwake hadi milango ikafunga.

Hatukuwa tumemaliza soda zetu simu yangu ikalia.

"Anti, mama yuko na wewe?" Alikuwa Adoch. "Mkuje ndani. Wamepasua mkoba."

Askari mmoja alikuja kutuchukua. Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, meza, viti viwili, benchi. Adoch alikuwa kwenye benchi amevuliwa viatu. Juu ya meza mkoba ulikuwa umelazwa ubavu, kitako kimechanwa kwa wembe kutoka kona hadi kona. Gunia lilikuwa huku, jinzi huku, na katikati, kitambaa cha rangi ya majani na udongo, kipande cha kifua cha shati, kimepigwa pasi, na juu ya mfuko wake utepe wa jina: KIDEGA.

Nilielewa saa ileile. Yeyote anayemjua Amony angeelewa. Hakuweza kwenda na mtoto, akampa baba amsindikize. Aliliweka jina likitazama juu, kwenye vitu vya mtoto. Nilitaka kulia, lakini hapakuwa na nafasi ya kulia.

Mkubwa wa pale aliitwa Odur. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hakututukana, lazima niseme hivyo. Alieleza kwamba mashine ilionyesha kitako kizito kisicho cha kawaida, wakadhani kimefichwa dawa za kulevya, wakapasua.

"Dawa hakuna," alisema. "Lakini tumepata hii, na hii siwezi kufunga macho. Imeshaandikwa. Mama, huyu binti nasema yeye hapana jua. Kweli?"

Amony alikuwa akitazama kile kitambaa juu ya meza.

"Sikia vizuri," Odur aliendelea. "Kama hii nguo ni ya wewe, sema, tuandike, binti anapanda ndege, wewe nabaki na sisi. Kama wewe pia hapana jua, basi binti nabaki mpaka tupate ukweli. Na ndege naenda."

Sasa fikiria. Mama huyu alikuwa ameomba, amefunga, amegombana, amelia, ili mtoto asipande ndege ile. Na hapa mtu wa serikali alikuwa akimpa anachotaka kwa neno moja, tena neno dogo, sijui. Aseme sijui, Adoch arudi Kisugu. Kesi ingekuwepo, ndiyo, lakini mtoto angekuwa nchini. Angemwona kwa macho. Nilimtazama Amony na, Mungu anisamehe, sikujua atasema nini.

Yule mama wa kampuni alichungulia mlangoni akitazama saa yake. "Banange, muharakishe. Ndege haingoji mutu, nnyabo. Wenzake wako ku mulango."

Hapo ndipo Adoch alipoinuka kwenye benchi. Yeye na mama yake wakiwa peke yao husema Kiacholi. Siku ile alisema Kiswahili, ili askari wasikie, na mimi nisikie, na yule mama wa mlangoni asikie.

"Mama, wewe ulifanya hii makusudi. Ulijua watapata. Umeona maombi imeshindwa, ukatafuta njia ingine. Hata nguo ya baba umeitumia kunifunga."

Damu ilinipanda. Mimi mdomo wangu haukuumbwa kwa kusubiri. "Adoch, wewe mtoto, hujui unasema nini! Mama yako—"

Amony alinishika kifundo cha mkono. Ana vidole vya mtu aliyevuta uzi wenye nta maisha yake yote, na alinibana nikanyamaza kwa maumivu. Hakunitazama. Alimtazama mwanawe.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiyo nilitia." Kisha akageuka kwa Odur, akasimama wima kama wake wa askari wanavyofundishwa kusimama mbele ya mkubwa. "Afande, nguo ni ya mimi. Ya bwana yangu. Mtoto hapana jua kitu. Andika, yeye aende."

Adoch alianza kukusanya vitu vyake. Mkoba haukuwa na kazi tena, ulikuwa umefunguka chini kama mdomo. Mtu alimpa kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, akatia humo rozari, sweta, sabuni na biskuti. Pasipoti akaishika mkononi. Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba. Alipopita kati yetu nilidhani atasimama, walau amguse mama yake bega. Hakusimama. Hakugeuka. Milango ile ya vioo ilifunguka yenyewe na kufunga yenyewe, na sisi tukabaki na askari.

Nilimgeukia Amony nikiwa nimejaa hasira. Nilimuuliza kwa nini. Kwa nini amekubali kosa ambalo si lake, kwa nini hakusema ukweli mmoja tu, kwamba ni baba yako nilimtia akusindikize, neno fupi, lingemaliza yote.

"Ningesema, yeye angelia," alijibu. "Akilia, hawezi kuniacha hapa na polisi. Angekaa. Akikaa, wao watamshika na yeye." Alivuta pumzi. "Na mimi niliona uso ya yeye, Mama Byron. Kama akikaa, ile uso itakaa kwa nyumba yangu mpaka nikufe. Acha aende na hasira. Hasira itamfikisha."

Hapo ndipo aliponiapisha. Adoch asiambiwe, wala leo wala kesho, mpaka mkataba uishe na arudi kwa miguu yake. Alisema mtoto akijua ukweli akiwa kule, katika nyumba ya watu waliomshikia pasipoti, atavunjika, na hatakuwa na mtu wa kumshika. Niliapa. Niliapa huku nimenuna, lakini niliapa.

Amony alilala kwa polisi siku mbili. Nilimpelekea chai na karatasi zake za ujane, na mwishowe wakamwachilia kwa onyo. Shati halikurudi. Aliomba wampe utepe wa jina tu, ule mdogo, wakakataa, wakasema hicho ndicho kielelezo chenyewe. Alirudi Kisugu akakuta habari imemtangulia. Zile familia mbili tulizokodi nazo gari zilikuwa zimeshasimulia walichosikia kwa yule mama wa kampuni, kwamba mama mwenyewe amekiri mbele ya polisi. Na kwa kuwa kila mtu alimsikia kanisani akiomba safari ivunjike, nani angebisha? Kuna wateja walioacha kuja. Kuna mama mmoja alirudisha kipochi, eti ana mtoto anayesafiri, hataki mkosi. Nilikwenda kwake nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Adoch alifika. Anafanya kazi. Ana watoto wanne wa kulea na ghorofa ya kufagia, na Ijumaa mchana wakimpa simu hunipigia mimi. Si mama yake, mimi. Ananiuliza habari za mwanangu Byron, habari za kibanda, kama mvua imenyesha. Mama hamtaji. Na kila Ijumaa mchana Amony huja kwangu akiwa na kazi yake mkononi, hukaa kwenye stuli karibu na jiko, nami huiweka simu ikisema kwa sauti. Haongei. Anashona huku anasikiliza mtoto wake akicheka na mtu mwingine.

Ijumaa iliyopita Adoch alisema, "Anti, nataka unipelekee neno kwa mama."

Sindano ya Amony ilisimama.

"Huku kuna sista mmoja, tunasali na yeye kwa simu. Ameniambia siwezi kupata amani na hii kitu kwa roho. Basi mwambie mama nimemsamehe. Ile alinifanyia Entebbe, mimi nimemsamehe. Anti, utamwambia?"

Nilimtazama Amony. Nilikuwa tayari kuvunja kiapo, naapa nilikuwa tayari, maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Kusamehewa! Yeye! Aliyelala kwenye sakafu ya polisi, aliyepoteza kitu cha mwisho cha mumewe, anayezomewa akienda kuchota maji. Amony alitikisa kichwa polepole, hapana, kisha akaegemea kwenye sikio langu, mbali na simu, mtoto asimsikie. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikukatika.

"Mwambie mama anasema asante," alininong'oneza.

Nikamwambia.